Hamburg Ukingoni mwa Elbe: Matembezi ya Mtalii na Kumbukumbu ya Pwani ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna jiji la Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, linavyojieleza kwa wageni kupitia njia za utalii zinazofuata mto Elbe, na namna historia ya Pwani ya Afrika Mashariki inavyojitokeza, au inavyofichika, katika maelezo hayo. Hoja inayojengwa ni kwamba bidhaa za Zanzibar na Mrima zimewekwa mbele ya macho ya mgeni, ilhali watu waliozileta, waliozipigania na walioumizwa nazo wamewekwa kando ya njia. Aidha, makala yanaonyesha kwamba kila jiji lilipojaribu kuwaleta watu hao mbele, liliteleza kwa sababu lilitangulia kusimamisha ukumbusho kabla ya kuuliza anayekumbukwa ni nani na anatazamwa kwa macho ya nani.

Utangulizi

Mgeni anayezuru Hamburg kwa mara ya kwanza huanzia majini. Katika gati za Landungsbrücken hupanda mashua ya injini, huzungushwa bandarini na kuonyeshwa meli za makontena na karakana za kuundia meli. Akirudi nchi kavu hupanda mnara wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli, wenye urefu wa mita 132, ambao kwa karne kadhaa mabaharia waliutumia kujua kwamba wamekaribia nyumbani. Hushuka chini ya mto kupitia njia iliyofunguliwa mwaka 1911 na kutembea mita 426 hadi ng'ambo. Jumapili alfajiri huenda katika soko la samaki la St. Pauli, ambalo lina umri wa zaidi ya miaka 300. Kisha huingia katika ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie, uliofunguliwa Januari 2017. Ukumbi huo wa kioo umejengwa juu ya ghala la matofali ambalo zamani lilihifadhi kakao, chai na tumbaku. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jiji lililoketisha starehe yake juu ya shehena yake.

Njia hii ya matembezi ni andiko kama maandiko mengine. Ina mwandishi, ina mpangilio, na ina yaliyoachwa. Mwanahistoria wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulisoma andiko hili kwa makini, kwa kuwa sehemu ya wino wake ilitoka kwao.

Hamburg yenyewe imezoea kuandika upya habari zake. Kila mwezi wa Mei jiji husherehekea siku ya kuzaliwa kwa bandari, likirejelea hati ya Kaisari Friedrich Barbarossa ya tarehe 7 Mei 1189, inayodaiwa kuwapa wenyeji uhuru wa kusafirisha bidhaa katika Elbe bila ushuru. Wanazuoni wameonyesha kwamba hati iliyopo ni ya kughushi, iliyotengenezwa katika karne ya 13 wakati wafanyabiashara wa jiji walipohitaji ushahidi. Sherehe haijasitishwa kwa sababu hiyo, na wala hakuna haja isitishwe. Lakini jambo hilo linafundisha kwamba katika jiji la wachuuzi kumbukumbu nayo huandaliwa inapohitajika.

Kuhusu maafa, Hamburg imejifunza kukumbuka vizuri. Moto wa Mei 1842 uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa kale, kipindupindu cha mwaka 1892 kiliua zaidi ya watu 8,000, na mabomu ya Julai 1943 yaliua zaidi ya 30,000. Kanisa la Mtakatifu Nikolai, ambalo mnara wake kati ya mwaka 1874 na 1876 ulikuwa jengo refu kuliko yote duniani, liliachwa gofu kwa makusudi ili liwe ukumbusho wa vita. Hatua chache kutoka maghala ya bandari, katika bustani ya Lohse, kuna ukumbusho uliofunguliwa mwaka 2017 mahali palipokuwa na stesheni ya Hannover, ambako zaidi ya Wayahudi, Wasinti na Waroma 8,000 walipakiwa katika treni kupelekwa mautini. Majina yao yameandikwa, na mahali pako wazi usiku na mchana. Mambo haya yanatajwa hapa kwa sababu yanabatilisha udhuru mmoja: haiwezi kusemwa kwamba jiji hili halijui namna ya kuweka jambo chungu katika njia ya mpita njia.

Simbi, pembe na karafuu

Uhusiano wa Hamburg na Zanzibar ni mkongwe kuliko dola ya Ujerumani yenyewe, iliyoundwa mwaka 1871. Katika miaka ya 1840 meli za Hamburg zilikuwa zimeshafika Unguja, na mwaka 1849 kampuni ya O'Swald ilifungua tawi lake huko. Ikafuatiwa na kampuni ya Hansing. Mwaka 1859 miji ya Hanse, yaani Hamburg, Bremen na Lübeck, ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar.

Bidhaa ya kwanza iliyowatajirisha watu hawa haikuwa karafuu wala pembe. Ilikuwa simbi, zile kauri ndogo ambazo watoto wa Pwani huziokota maji yanapokupwa. Huko Afrika Magharibi, katika Lagos na Ouidah, simbi zilikuwa fedha halali. Wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba wakizinunua Zanzibar kwa bei ndogo na kuzipeleka upande wa pili wa bara, wangezibadilisha kwa mafuta ya mawese, ambayo yalihitajiwa sana na viwanda vya sabuni na mishumaa vya Ulaya. Pembetatu hiyo ilikuwa na faida kubwa. Simbi za Zanzibar zilimiminwa kwa wingi kiasi kwamba thamani ya fedha hiyo iliporomoka, na watu wa Afrika Magharibi waliokuwa wameweka akiba ya simbi wakajikuta na magunia ya maganda. Ni miongoni mwa matukio ya mapema ya kuvunjwa kwa sarafu ya Kiafrika kutoka nje, na lilitendeka bila risasi kufyatuliwa, kwa vitabu vya hesabu vilivyotunzwa katika ofisi za ukingoni mwa Elbe.

Pembe za ndovu nazo zilikuja. Hamburg ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya pembe barani Ulaya, na humo zilichongwa vitufe vya piano, mipira ya biliadi na vishikio vya fimbo. Kila pembe ilikuwa imebebwa begani na mpagazi kutoka bara hadi Bagamoyo au mji mwingine wa Mrima. Sandarusi ilichemshwa kuwa vanishi. Karafuu za Unguja na Pemba, zilizochumwa kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 na mikono ya watumwa, zilisafiri katika meli hizohizo.

Mtalii aliye ndani ya mashua ya bandarini huweza kupita kandokando ya gati liitwalo O'Swaldkai, ambako leo hupakuliwa matunda na kupakiwa magari. Jina hilo ni la ukoo uliofanya biashara Zanzibar. Mmoja wao, William Henry O'Swald, alikaa Unguja akiwa kijana na baadaye akawa naibu wa meya wa Hamburg. Masikioni mwa mgeni jina hilo ni la gati tu, kama namba ya mlango.

Mji wa Maghala

Kivutio kikuu cha Hamburg ni Speicherstadt, yaani Mji wa Maghala. Ni safu za majengo marefu ya matofali mekundu, yaliyosimama juu ya nguzo za mwaloni zilizokitwa katika udongo wa mto, na kati yake hupita mifereji ambamo mashua zilileta shehena hadi mlangoni. Ujenzi ulianza mwaka 1883 na sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1888, Hamburg ilipojiunga na umoja wa forodha wa Ujerumani huku ikibakiza eneo la bandari lisilotozwa ushuru. Ili maghala yajengwe, nyumba za watu wapatao 20,000 zilibomolewa, wengi wao wakiwa maskini wa bandarini. Mwaka 2015 UNESCO ililiingiza eneo hili katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na mtaa wa ofisi wa Kontorhaus ulio jirani.

Humo ndani kuna jumba la makumbusho la viungo, ambapo mgeni hukaribishwa kunusa na kugusa. Ni mahali pazuri, na watoto hupafurahia. Hata hivyo harufu ya karafuu haimtaji aliyeichuma.

Anayeingia Speicherstadt kwa daraja la Kornhaus hupokewa na sanamu mbili za mawe zilizowekwa mwaka 1903. Mojawapo ni ya Kolumbus na nyingine ni ya Vasco da Gama. Mbele kidogo, katika mtaa mpya wa HafenCity, kuna uwanja wenye jina la Vasco da Gama ambapo vijana hucheza mpira wa kikapu. Kwa Mjerumani wa mwaka 1903 baharia huyo Mreno alikuwa alama ya bahari iliyofunguliwa. Kwa mtu wa Pwani habari zake ni nyingine. Bahari ilikuwa wazi kwa karne nyingi kabla yake, na mwaka 1502 aliporudi mara ya pili aliilazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu kwa vitisho vya mizinga. Wachongaji wa sanamu hawakukusudia kuitukana Kilwa. Hawakuifikiria kabisa, na huenda hilo ndilo lililo zito zaidi.

Katika mtaa wa Große Reichenstraße kuna jengo liitwalo Afrikahaus, lililojengwa mwaka 1899 kwa ajili ya kampuni ya Woermann. Mlangoni kuna sanamu ya shujaa wa Kiafrika mwenye silaha, na uani kuna sanamu za ndovu wawili. Familia hiyo ilifanya biashara hasa Afrika Magharibi, lakini jina lake linahusiana pia na kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyoanzishwa Hamburg mwaka 1890 kwa ruzuku ya serikali ili kuunganisha Ujerumani na Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar. Kuanzia hapo biashara na utawala zilisafiri katika meli moja. Kutoka gati la Baakenhafen, ambalo leo limezungukwa na nyumba mpya za ghorofa, maelfu ya askari walipelekwa Namibia kuanzia mwaka 1904 kuwaangamiza Waherero na Wanama.

Bibi Salme na uwanja uliopoteza jina

Ng'ambo ya pili ya katikati ya jiji kuna Außenalster, ziwa lililotokana na mto Alster kuzuiwa. Watu hukodi mashua, hukimbia kandokando ya maji, na kutazama majumba meupe ya matajiri. Katika barabara ya Schöne Aussicht, inayopakana na ziwa hilo, aliishi mwanamke aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Alikuwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan. Katika kumbukumbu zake anasimulia kwamba alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko, mwaka 1867, alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa na kusafiri hadi mji wa mumewe. Mwaka 1870 mume alikufa kwa ajali ya tramu ya farasi, akamwachia watoto watatu katika nchi ambayo hali yake ya hewa, lugha na sheria zilikuwa bado ngeni kwake.

Ndugu yake, Sultani Barghash, alimkatalia urithi. Serikali ya Bismarck ilimkumbuka ilipokuwa na haja naye. Mwaka 1885 alisafirishwa hadi Zanzibar pamoja na manowari za Kijerumani ili kuwapo kwake kumtie Barghash hofu, na shinikizo lilipofanikiwa haja hiyo ikaisha. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake mjini Berlin. Aliaga dunia mjini Jena mwaka 1924 na kuzikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, katika kaburi la ukoo wa mumewe. Makaburi hayo, yaliyofunguliwa mwaka 1877, ni bustani kubwa ya karibu hekta 390, na watu huenda huko kutembea kama waendavyo msituni.

Mwaka 2019 uwanja mmoja katika mtaa wa Uhlenhorst ulipewa jina la Emily Ruete. Mwaka uliofuata baraza la wilaya liliamua jina hilo liondolewe, baada ya kuelezwa kwamba katika kumbukumbu zake aliutetea utumwa wa Zanzibar na kuwaandika Waafrika weusi kwa dharau. Kitabu hicho kilikuwa kimechapishwa kwa miaka 133 kabla ya uwanja kupewa jina.

Hapa pana funzo la mbinu kwa mtafiti. Wenye kutoa jina walimwona mwanamke mhamiaji aliyedhulumiwa, na hawakukosea. Wenye kuliondoa walimwona binti wa tabaka lililomiliki watu, nao hawakukosea. Zanzibar imeweza kumtunza katika hali zote mbili. Jumba la makumbusho la kasri, Mji Mkongwe, lilimtengea chumba bila kumfanya mtakatifu, kwa kuwa Wazanzibari wanajua mashamba ya karafuu yalikuwa ya nani. Hamburg ilitaka jina la kubandika kwenye kibao. Maisha ya Salme hayatoshi kwenye kibao.

Sanamu zilizohama

Kisa cha Hermann von Wissmann kinaanzia Pwani na kuishia Hamburg. Wissmann alitumwa mwaka 1889 kuzima vita vya Abushiri bin Salim na Bwana Heri dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo. Mwaka 1909, miaka minne baada ya kifo cha Wissmann, sanamu yake ilisimamishwa Dar es Salaam. Yeye yuko juu akitazama mbali. Chini yake yuko askari wa Kiafrika, akimwinulia macho na kuifunika bendera juu ya simba aliyekufa. Waingereza walioitwaa nchi waliing'oa sanamu na kuipeleka London, kisha ikarejeshwa Ujerumani. Mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Koloni ilikuwa imekwishapotea, na mnara wa koloni ukapata makao mapya mbele ya nyumba ya elimu.

Ilidumu hapo kwa miongo kadhaa, ikadondoka wakati wa vita na kusimamishwa tena. Mwaka 1967 wanafunzi waliivuta kwa kamba ikaanguka. Chuo kikairudisha. Mwaka 1968 wakaivuta tena, na safari hii haikurudishwa bali ilitiwa ghalani. Kati ya mwaka 2004 na 2005 ilitolewa kwa muda na kuwekwa kando ya Elbe, karibu na gati za watalii, ili wananchi waulizwe kwa njia ya intaneti ifanyweje. Miongoni mwa majaribio yote ya jiji, hili ndilo pekee lililoanza kwa kuuliza, na ndilo lililozaa mjadala mpana. Hata hivyo aliyejadiliwa zaidi alikuwa Wissmann. Askari aliye chini ya sanamu hana jina, na hadi leo hatajwi ila kama sehemu ya pambo.

Jaribio la mwaka 2003 lilikuwa na matokeo mabaya zaidi. Katika kitongoji cha Jenfeld, mbali na njia za watalii, kulikuwa na kambi ya kijeshi iliyopewa jina la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Chini ya utawala wa Wanazi iliwekwa humo michoro miwili mikubwa ya udongo wa kuchoma, inayoonyesha askari na wapagazi wakiandamana kwa utiifu. Kambi ilipofungwa, michoro ilipangwa katika bustani iliyoitwa Tansania-Park. Waziri Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitarajiwa kuhudhuria ufunguzi. Baada ya malalamiko ya wanaharakati na wanazuoni hakuhudhuria, na kwa miaka mingi bustani ilibaki imefungwa kwa umma.

Kosa halikuwa kuihifadhi michoro. Kosa lilikuwa kulitumia jina la nchi huru kuezekea propaganda ya utiifu. Wapagazi waliokufa kwa njaa, maradhi na mizigo katika vita hivyo, pande zote mbili, ni makumi ya maelfu. Walikamatwa vijijini, walifungwa kamba, walitoroka walipoweza. Hakuna utiifu wa aina ile inayoonekana katika udongo wa Jenfeld. Mwaka 2010 Hamburg na Dar es Salaam zilifunga rasmi urafiki wa miji, na tangu hapo wanahistoria wa pande mbili wana mlango halali wa kubisha wanapotaka kulizungumza jambo hili.

Darasa la Kiswahili

Jengo kuu la Chuo Kikuu cha Hamburg, lenye kuba, lilifunguliwa mwaka 1911. Kabla ya chuo kuanzishwa mwaka 1919, hapo ndipo palipokuwa pa Taasisi ya Kikoloni, iliyoundwa mwaka 1908 kuwaandaa maofisa na wafanyabiashara waendao makoloni. Carl Meinhof aliletwa mwaka 1909 kufundisha lugha za Kiafrika, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za kwanza. Wataalamu wa isimu wanamjua Meinhof kwa kazi yake juu ya sarufi linganishi ya lugha za Kibantu. Kinachosahaulika ni kwamba maprofesa hao hawakujifunza lugha kutoka hewani.

Miongoni mwa waliofanya kazi na Meinhof mjini Hamburg alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa mwaka 1903 kwa uhariri wa Carl Velten. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Akaoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 walipojaribu kurudi Pwani pamoja, serikali ya koloni iliwazuia, kwa kuwa ndoa ya namna hiyo ilihesabiwa kuwa hatari kwa heshima ya watawala. Ikambidi kurejea Ulaya, ambako aliishi kwa kufundisha, kuhutubia na kuwa mdomo wa lugha ambao wengine waliandika sarufi yake. Alifariki Berlin mwaka 1927 bila kuiona tena Bagamoyo.

Mtoro hakuwa na manowari wala ghala. Alikuwa na maandishi, na katika maandishi hayo Pwani inajieleza kwa kauli yake yenyewe: ngoma, ndoa, safari za bara, biashara ya pembe kama ilivyoonekana na waliokwenda kuitafuta. Kama kuna mtu wa Afrika Mashariki ambaye matembezi ya Hamburg yangeweza kumpitia mgeni bila jiji kulazimika kuomba radhi kwa namna lilivyomweka, ni huyu. Masomo ya Kiafrika yanaendelea katika bawa la mashariki la jengo lilelile, na Kiswahili kinafundishwa humo. Bustani aliyosimama Wissmann iko nje ya dirisha.